Kupima ugumu wa kudhibiti hisia kwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Uganda: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mshauri nasaha wa chuo au mhadhiri anayetaka kujua, kwa njia ya dodoso, ni kwa kiasi gani wanafunzi wa chuo chake hupata shida kuzimudu hisia zao. Umejengwa juu ya kipimo kiitwacho DERS (Difficulties in Emotion Regulation Scale), ambacho Kim Gratz na Lizabeth Roemer walikichapisha nchini Marekani mwaka 2004 baada ya kukijaribu kwa wanafunzi 357 wa chuo kikuu, wengi wao wakiwa wanawake. Vipo vipimo vingine, lakini hiki kimetumika katika nchi nyingi na watu wa aina nyingi, na udhaifu wake unajulikana vizuri, jambo ambalo kwa mtafiti ni faida. Msimamo utakaoonekana katika hatua zote ni kwamba alama ya jumla ndiyo kitu chepesi zaidi kuipata na kigumu zaidi kuitetea, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya hesabu na baada yake.

Hatua ya 1: Tenganisha unachopima na vinavyofanana nacho

Kuwa na hisia kali si sawa na kushindwa kuzimudu. Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi katikati ya muhula, akalia wiki nzima, kisha akafanya mitihani yake, ana huzuni kubwa lakini huenda hana ugumu wa udhibiti hata kidogo, ilhali mwenzake anayeonekana mtulivu, lakini akikemewa mara moja hawezi tena kusoma ukurasa mmoja siku nzima, anaweza kuwa na ugumu mkubwa. DERS hupima hali hii ya pili kwa kauli 36 zilizogawanywa katika nyanja sita. Nyanja ya kwanza ni kutozikubali hisia zako mwenyewe, yaani kuona aibu au hatia kwa sababu tu umefadhaika (kauli 6). Ya pili ni kushindwa kuendelea na shughuli yenye lengo (kauli 5), ya tatu ni kushindwa kuzuia misukumo (kauli 6), ya nne ni kutozitilia maanani hisia (kauli 6), ya tano ni kuamini kwamba ukishafadhaika hakuna unaloweza kufanya ukapata nafuu (kauli 8), na ya sita ni kutotambua ni hisia gani hasa uliyo nayo (kauli 5).

Ukitaka kujua mbinu ambazo wanafunzi huzitumia badala ya shida wanazozipata, kipimo chako ni kingine. ERQ ya James Gross na Oliver John, ya mwaka 2003, ina maswali 10 tu: sita kuhusu kulitazama upya jambo lililokusumbua, na manne kuhusu kuficha hisia zisionekane. Ukitaka kupima sonona, tumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa. Nimekutana na mapendekezo ya utafiti yanayotaja DERS kama kipimo cha msongo wa mawazo; hayo yarudishwe kwa mwandishi kabla hayajafika kwa kamati yoyote.

Hatua ya 2: Chagua toleo na ulitaje kwa jina kamili

Toleo la kauli 36 huchukua dakika kumi hadi kumi na tano kwa msomaji wa kawaida. Mwaka 2016 yalitoka matoleo mafupi matatu: DERS-SF na DERS-18, kila moja likiwa na kauli 18, yaani tatu kwa kila nyanja, na DERS-16, ambalo liliiacha kabisa nyanja ya kutozitilia maanani hisia. Matoleo mawili ya kauli 18 hayakuchagua kauli zilezile, hivyo kuandika kwamba "tulitumia toleo fupi la DERS" hakumsaidii anayetaka kulinganisha matokeo yake na yako.

Kama dodoso lako tayari lina PHQ-9, maswali ya usingizi, ya ada na ya pombe, chagua toleo fupi, kwa kuwa mshiriki aliyechoka hujibu kwa mazoea. Kama lengo ni kukichunguza kipimo chenyewe nchini Uganda, tumia kauli zote 36, kwani huwezi kujua ni kauli gani hazifai hapa kwa kutumia toleo ambalo limeshapunguzwa na watu wa kwingine.

Hatua ya 3: Amua lugha kabla ya kuamua sampuli

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uganda husoma kwa Kiingereza, na kwa wengi wao toleo la Kiingereza linatosha. Lakini kusoma fizikia kwa Kiingereza ni jambo moja, na kusema kwa Kiingereza namna aibu inavyokupata ni jambo jingine. Wapo pia wanafunzi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya nyumbani au ya mazungumzo ya kila siku: Wakenya na Watanzania waliokuja kusoma Kampala, vijana wa Arua na Busia, Wakongo waliokulia katika makazi ya wakimbizi kama Kyangwali. Usidhani Kiswahili chao ni kimoja. Uliza kwanza, kwa swali fupi katika utafiti wa awali, kila mmoja huzungumzia mambo ya moyoni kwa lugha gani, ndipo uamue.

Ukiamua kutafsiri, fuata njia inayokubalika: watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, kikao kilinganishe tafsiri zao na kutoa moja, mtu wa tatu ambaye hajaiona asili airudishe kwenye Kiingereza, na wataalamu wakae kulinganisha. Mmoja wa wale wawili awe mtu wa saikolojia, na mwingine asiwe. Kauli nyingi za DERS huanza kwa kutaja hali ya kuvurugika kihisia kwa ujumla, na mtafsiri mwenye haraka huandika "nikikasirika", kisha kipimo kizima hugeuka kuwa cha hasira pasipo mtu kutambua. "Nikifadhaika" ni afadhali, ingawa hata hilo lazima lijaribiwe kwa wasomaji wenyewe. Majibu nayo, yenye namba 1 hadi 5, yana mipaka yake ya asilimia, yaani 0 hadi 10, 11 hadi 35, 36 hadi 65, 66 hadi 90, na 91 hadi 100. Ichapishe mipaka hiyo pamoja na maneno, kwa sababu "mara nyingi" ya mtu mmoja si ya mwingine.

Baada ya hapo keti na wanafunzi wanane hadi kumi, mmoja mmoja, nao wasome kila kauli kwa sauti. Swali lenyewe ni jepesi: "Ndugu, kauli hii umeielewaje? Nieleze kwa maneno yako." Usimsahihishe. Andika alichoelewa, hata kama ni kinyume cha ulichokusudia, na hasa ikiwa ni kinyume. Kauli zenye ukanushi ndizo zitakazokusumbua zaidi, kwa sababu mtu anayekubaliana na kauli ya kukanusha mara nyingi huzungushia duara jibu asiloliamini.

Katika mazungumzo haya utagundua pengo moja ambalo si kosa la tafsiri. DERS humuuliza mtu anavyozimudu hisia zake akiwa peke yake, ilhali wengi wa vijana wetu huzimudu pamoja na wengine: kwa kumpigia shangazi, kwa kwenda kwa mchungaji au imamu, kwa kulala chumba cha rafiki hosteli. Kwa Wabaganda, ssenga, yaani shangazi aliye dada wa baba, ana nafasi ya kumshauri binti ambayo hakuna dodoso la Marekani lingeifikiria. Usiongeze kauli ndani ya kipimo ili kuziba pengo hilo, maana ukifanya hivyo hutakuwa tena na DERS. Weka maswali mawili au matatu ya pembeni, mwishoni mwa dodoso, yanayouliza mshiriki humwendea nani anapofadhaika na kama humpata, na uyachanganue kando.

Hatua ya 4: Vibali

Utafiti wowote unaohusisha watu nchini Uganda hupitia kwanza kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Vyuo vikubwa kama Makerere, Mbarara na Gulu vina kamati zake. Ukiwa katika chuo kisicho na kamati, peleka kwa mojawapo ya hizo. Baada ya hapo unahitaji barua ya utawala wa chuo unachokwenda, kwa kawaida kutoka kwa msajili wa taaluma au mlezi wa wanafunzi. Tenga miezi kadhaa kwa ajili ya haya, kwani muhula hauisubiri kamati.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 huiweka hali ya afya ya mtu katika kundi la taarifa maalumu zenye masharti magumu zaidi ya ukusanyaji. Alama za DERS zikiambatana na namba ya usajili ya mwanafunzi ziko karibu mno na taarifa za namna hiyo. Usikusanye namba ya usajili usipoihitaji. Ukiihitaji kwa sababu utawapima watu walewale mara ya pili, tumia msimbo na uifungie orodha ya majina mbali na data.

Hatua ya 5: Mpango wa mshiriki aliyeelemewa

Hatua hii huandikwa na wengi kwa sentensi moja, nayo ndiyo inayoweza kumdhuru mtu. Kauli za DERS zenyewe hazimuulizi mshiriki kama anafikiria kujidhuru, lakini swali la tisa la PHQ-9 humuuliza, na watafiti wengi huviweka vipimo hivi viwili pamoja. Ukiuliza swali hilo, ni lazima mtu asome jibu lake siku hiyohiyo. Madodoso yanayokaa kwenye boksi wiki tatu yakisubiri kuingizwa kwenye kompyuta, huku miongoni mwake kuna mtu aliyekiri kwamba huwaza kifo karibu kila siku, ni kosa la kimaadili hata kama kamati ilitoa kibali. Kama huna watu wa kusoma majibu siku hiyo, liondoe swali, na uandike wazi kwamba umeliondoa na kwa nini.

Kabla ya fomu ya kwanza kutolewa, zungumza na ofisi ya ushauri nasaha ya chuo mkubaliane ni wanafunzi wangapi kwa siku wanaoweza kupokelewa. Jua kituo kinachofuata ni kipi: Kampala ni Hospitali ya Taifa ya Butabika, na mikoani ni vitengo vya afya ya akili katika hospitali za rufaa za mikoa. Mpe kila mshiriki karatasi yenye maelekezo hayo, awe amejibu kwa alama za juu au la, ili karatasi yenyewe isimtambulishe mtu. Jambo la mwisho hapa ni kwamba anayesambaza dodoso asiwe mhadhiri anayesahihisha kazi za wanafunzi hao. Mwanafunzi hamwambii mtu wa kumpa alama kwamba hawezi kujizuia.

Hatua ya 6: Sampuli

Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 limekuwa kama dua ya kufungulia sura ya tatu ya kila tasnifu: idadi ya wanafunzi ni 10,000, basi sampuli ni 370. Jedwali hilo lilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria uwiano katika sampuli nasibu ya mtu mmoja mmoja. Wewe huchagui mtu mmoja mmoja. Unachagua madarasa, kisha unawapa fomu waliomo. Wanafunzi wa darasa moja hufanana kidogo, kwa hiyo kila mmoja wao hukuletea taarifa pungufu kuliko angekuwa amechaguliwa peke yake. Tuseme unachukua wanafunzi 30 kwa kila darasa na mfanano wa ndani ya darasa ni 0.02: kizidisho ni 1 + 29 × 0.02, yaani 1.58, na ile 370 inakuwa 585. Ongeza na wale watakaoacha fomu katikati.

Kuna upungufu mwingine ambao hesabu haiurekebishi. Anayeshindwa kuamka kitandani kwa sababu ya hisia zake hayumo kwenye mhadhara wa saa mbili asubuhi siku unayogawa fomu. Ukipata orodha ya waliosajiliwa kutoka kwa msajili wa taaluma na kuwaalika kwa kuchagua majina kwa nasibu, unawafikia baadhi yao. Usiposahau wanafunzi wa jioni na wa wikendi, ambao wengi wana kazi na familia, picha yako itakuwa ya chuo kizima na si ya hosteli peke yake.

Hatua ya 7: Siku ya kukusanya

Maelekezo ya DERS hayataji kipindi, kwa maana ya "wiki mbili zilizopita" au "mwezi huu". Huuliza tu mara ngapi kauli inamhusu mtu. Hata hivyo, mtu hujibu akiwa katika hali ya siku hiyo. Epuka wiki ya mitihani na wiki ambayo wasiomaliza ada wanazuiwa kuingia kwenye mitihani, isipokuwa kama hilo ndilo unalolichunguza. Andika tarehe kwenye kila fomu na wiki ya muhula, uweze kuangalia baadaye kama alama zinapanda kadiri mitihani inavyokaribia.

Viti viachane. Anayejibu kuhusu aibu hujibu vingine jirani yake akimchungulia. Kwa simu, programu kama KoboToolbox hufanya kazi hata pasipo intaneti na hutuma data baadaye, lakini usizifanye kauli zote kuwa za lazima kujibiwa, kwani haki ya kuruka swali ilikuwa ndani ya fomu ya ridhaa. Fidia ya muda na nauli iwe ileile kwa wote, na itolewe hata kwa aliyeacha katikati.

Hatua ya 8: Kusafisha na kuhesabu

Kauli 11 kati ya 36, zinazotaja uwezo badala ya ugumu, hugeuzwa kabla ya kujumlisha ili alama kubwa imaanishe ugumu mkubwa. Katika toleo asilia ni namba 1, 2, 6, 7, 8, 10, 17, 20, 22, 24 na 34. Kanuni ni kutoa jibu kutoka 6: aliyeandika 2 anahesabiwa 4. Kisha jumlisha nyanja kwa nyanja, na mwishowe jumla yote, ambayo haiwezi kuwa chini ya 36 wala juu ya 180. Ukiona 31 au 190, kuna kosa la kuingiza data.

Makosa yanayoonekana hivyo ni machache. Mtazame mshiriki aliyezungushia 1 kuanzia juu hadi chini bila kusoma: kauli 25 zisizogeuzwa zinampa 25, zile 11 zilizogeuzwa zinampa 55, na jumla yake ni 80. Katika utafiti asilia wa mwaka 2004, wastani wa wanawake ulikuwa takriban 78 na wa wanaume takriban 81. Kwa maneno mengine, mtu ambaye hakusoma hata kauli moja anajificha katikati kabisa ya kundi, na hakuna grafu ya jumla itakayomfichua. Aliyezungushia 3 kote anapata 108, na aliyezungushia 5 kote anapata 136. Kwa hiyo, kabla hujageuza chochote, tafuta kwenye data ghafi mistari isiyobadilika, na uamue mapema, kwa maandishi, utaiondoa kwa kigezo gani. Katika sampuli ya karatasi zilizojazwa mwishoni mwa mhadhara, mistari hiyo haitakuwa michache.

Kuhusu majibu yaliyoachwa wazi, kanuni ya busara ni kuikokotoa nyanja ikiwa imekosa jibu moja tu, kwa kuchukua wastani wa yaliyopo na kuuzidisha kwa idadi kamili ya kauli. Aliyejibu kauli saba kati ya nane na kupata 21 anahesabiwa 24. Yakikosekana mawili au zaidi, iache nyanja hiyo tupu. Kamwe usijaze 0, kwa sababu 0 haipo katika kipimo hiki.

Hatua ya 9: Kiulize kipimo kama kimefanya kazi hapa

Alfa ya Cronbach (kipimo cha namna kauli zinavyoshikamana) ya jumla katika utafiti asilia ilikuwa 0.93. Ukipata inayokaribia hiyo usishangilie, kwani kauli 36 zinazozungumzia jambo moja karibu lazima zitoe alfa kubwa. Angalia alfa ya kila nyanja, na uhusiano wa kila nyanja na nyingine.

Hapo utakutana na nyanja ya nne, ya kutozitilia maanani hisia. Katika tafiti nyingi nyanja hii huhusiana kidogo sana na zile tano, na hiyo ndiyo sababu DERS-16 iliiacha. Kauli zake zote sita ni za kugeuzwa, kwa hiyo yawezekana sehemu ya tatizo ni namna zilivyoandikwa na si jambo zinalolipima. Yawezekana pia kwamba kuzitilia maanani hisia zako kila saa si dalili ya afya kwa kila mtu; kijana aliyelelewa kwamba mkubwa hujishughulisha na kazi, si na moyo wake, atapata alama ya juu hapa na asiwe na shida yoyote maishani. Binafsi, kwa data ya Uganda, ningeripoti jumla mbili, moja ya nyanja zote sita na nyingine ya nyanja tano, na kumwachia msomaji aone tofauti.

Ukiwa na washiriki 300 au zaidi, fanya uchanganuzi thibitishi wa muundo wa nyanja sita, yaani uangalie kama majibu kweli hugawanyika katika nyanja hizo. Kama umetumia lugha mbili, jaribu kwanza kama muundo ni mmoja na kama kauli zinabeba uzito uleule katika lugha zote mbili. Usipothibitisha hilo, wastani wa waliojibu kwa Kiswahili hauwezi kuwekwa kando ya wastani wa waliojibu kwa Kiingereza, hata kama msimamizi wako anautaka kwenye jedwali.

Hatua ya 10: Kusoma alama na kuzipeleka kwa wahusika

DERS haina kiwango rasmi kinachotenganisha mgonjwa na mzima. Kugawa wanafunzi katika "kawaida", "wastani" na "kali" kwa kukata data mahali palipokupendeza, kisha kutangaza kwamba asilimia fulani ya wanafunzi wana tatizo, ni kutengeneza takwimu ambayo kesho itanukuliwa gazetini kama ugunduzi. Linganisha makundi ndani ya sampuli yako, ukiandika ukubwa wa tofauti pamoja na thamani ya p. Kwa mtu mmoja, kumbuka kosa la kipimo: mchepuko wastani ukiwa 20 na uthabiti (alfa) 0.93, kosa ni takriban 5.3, kwa hiyo alama ya 90 ina upana wa kama 10 kila upande. Mwanafunzi aliyeshuka kutoka 90 hadi 84 baada ya vikao vya ushauri huenda hajabadilika kabisa.

Mshauri nasaha atafaidika zaidi na wasifu wa nyanja kuliko jumla. Wanafunzi wawili wenye 100 kila mmoja, mmoja akiwa ameelemewa na misukumo na mwingine na kutozikubali hisia zake, wanahitaji msaada tofauti. Ripoti ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi iwe ya kurasa mbili, ionyeshe nyanja moja moja kwa kitivo na kwa mwaka wa masomo, na isitaje kundi lolote lenye watu chini ya kumi, maana katika kozi yenye wanafunzi wanane kila mtu anajua ni nani huyo. Ofisi ikiomba majina ya waliopata alama za juu, jibu limo katika fomu ya ridhaa waliyoisaini washiriki: majina hayatolewi, na wanaotaka msaada tayari wana karatasi yenye maelekezo ya mahali pa kwenda.